Programu ya kupangia picha: ipi uilipie, ipi uichukue bure, ipi uiache

Harusi moja ya Mombasa, kuanzia nikahi msikitini hadi usiku wa kupamba, humwachia mpiga picha maelfu ya faili, na kila jamaa ana zake kwenye simu. Mwaka ukipita, mama mkubwa anataka ile picha aliyokaa na marehemu dada yake kabla ya bi harusi kutolewa, na hakuna ajuaye iko folda gani. Hapo ndipo watu huanza kuuliza ni programu gani ya kununua, na mara nyingi wanaanzia kwenye bei.

Mimi nasema anzia penye kazi yako. Ukikaa jioni nzima ukiandika nani ni nani kwenye picha, maandishi hayo yanawekwa wapi? Faili ya picha ina nafasi yake ya ndani ya kubeba maelezo. Kamera huandika EXIF: tarehe, saa, lenzi, na pengine mahali. Wewe nawe unaweza kuandika majina, lebo na maelezo kwa mitindo ya IPTC na XMP, ambayo programu nyingi huisoma. Lakini zipo programu zinazoweka kila unachoandika kwenye hifadhidata yao peke yake. Siku ukihama, picha zinakuja na majina yanabaki.

Kuna jaribio la dakika chache ambalo ningemtaka kila mnunuzi alifanye kabla hajatoa shilingi. Chukua nakala ya picha moja, iandikie lebo, tuseme "kupamba", kisha ifungue kwa programu nyingine kabisa. XnView MP inafaa kwa jaribio hili, na ni bure kwa matumizi ya nyumbani. Lebo ikionekana, programu uliyoanza nayo inakurudishia kazi yako. Isipoonekana, tafuta kwenye mipangilio kama kuna mahali pa kuamuru iandike ndani ya faili. Pasipokuwepo, achana nayo.

La pili la kupima ni faragha, na kwetu jambo hili ni zito. Usiku wa kupamba ni wa wanawake. Mabuibui yamevuliwa, nywele ziko wazi, na nyumba nyingi hukataza simu tangu mlangoni. Mpiga picha aliyeruhusiwa kuingia amepewa amana. Akizipandisha picha hizo kwenye hifadhi ya mtandaoni bila idhini, ameivunja, hata kama hajamwonyesha mtu. Kwa anayefanya kazi hii kwa malipo kuna na sheria pia: Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu data za kibayometriki, yaani vipimo vya mwili kama alama za uso, kuwa data nyeti, kwa hiyo kabla ya kuwasha utambuzi wa nyuso ujue nyuso hizo zinachambuliwa kwenye kompyuta yako au kwingineko.

Kwa vipimo hivyo viwili, namba moja kwangu ni digiKam. Ni bure, chanzo chake kiko wazi, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Picha haizihamishi, unaionyesha folda zako, nayo inazisoma zilipo. Lebo zake hupangwa kwa ngazi, kwa hiyo unaweza kuwa na "Harusi", chini yake "Nikahi", "Kupamba", "Kutolewa nje", na kwenye tawi jingine "Upande wa mume" na "Upande wa mke". Picha moja inabeba lebo za matawi yote mawili bila kunakiliwa mara mbili. Ukitaka wanawake wa upande wa mume usiku wa kupamba, unachagua lebo mbili na zinakuja.

Utambuzi wa nyuso unafanyika ndani ya kompyuta yako. Mara ya kwanza programu itataka kupakua mamia ya megabaiti za data ya kazi hiyo, kwa hiyo usiifungue kwa bando la simu. Subiri ufike penye waifai. Baada ya hapo unaweza kuchomoa intaneti kabisa na kazi ikaendelea. Unathibitisha majina machache ya kila mtu, nayo inaanza kukupendekezea mengine. Isaidie kwa picha ambazo uso uko wazi, na kila pendekezo lihakiki mwenyewe, hasa kwa ndugu wanaofanana.

Ukishaiweka, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya metadata, yaani maelezo yanayobebwa na faili, uhakikishe lebo, maelezo na majina ya nyuso yameamriwa kuandikwa ndani ya faili. Usiliruke hili. Ugumu wa digiKam ni kwamba menyu zake ni nyingi na kwenye laptopu ya zamani hujikokota inapochambua nyuso. Iache ifanye kazi usiku.

Namba mbili ni Lightroom Classic ya Adobe, na hii ni kwa anayekula kwa kamera. Kuchambua picha elfu mbili, kuzisahihisha rangi kwa mkupuo na kumkabidhi mteja kwa wakati, hapo digiKam haifui dafu. Lakini unakodi, hununui: tangu mwaka 2017 Adobe ilipotangaza kwamba Lightroom 6 ndiyo ya mwisho kuuzwa kwa leseni ya kulipa mara moja, ada haina mwisho. Soma masharti kwa makini, kwa kuwa mpango wa mwaka unaolipwa kila mwezi una ada ya kuuvunja mapema. Ukiacha kulipa, bado utaweza kuifungua, kuziona picha na kuzitoa. Sehemu ya kusahihishia ndiyo inayofungwa. Asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi pepe ya Visa ya M-PESA GlobalPay kwa wauzaji wanaopokea Visa.

Chagua yenye neno Classic. Ile nyingine iitwayo Lightroom tu imejengwa juu ya hifadhi ya mtandaoni ya Adobe, na yale ya usiku wa kupamba nimeshayasema. Kwenye Classic nako, lebo hukaa kwenye katalogi, yaani hifadhidata yake, mpaka uwashe uandishi wa XMP kwenye mipangilio ya katalogi. Isipowashwa, hakuna kinachojiandika chenyewe ndani ya picha. Na usikubali nakala ya wizi inayowekwa kwa bei ya soda. Hujui kimeingizwa nini ndani yake, na kompyuta hiyo ina picha za watu.

Namba tatu ni Google Photos, kwa mwenye simu peke yake. Utafutaji wake ni hodari sana: andika "bahari" na fukwe zako zinakuja bila kuzipa lebo. Hifadhi ya bure isiyo na kikomo ilikwisha tarehe 1 Juni 2021. Sasa unapata GB 15, na hizo unagawana na Gmail na Drive. Zima uhifadhi wa folda ya picha za WhatsApp, la sivyo kadi za Ijumaa Mubarak zitakumalizia nafasi. Elewa pia kwamba ukifuta picha iliyohifadhiwa ndani ya programu hii, inafutika na kwenye simu. Ina siku 60 kwenye pipa la taka, kisha basi. Picha za matembezi, watoto na chakula, ziweke. Za kupamba, hapana.

Mwenye Mac na iPhone tayari anayo Photos ya Apple, na inatosha kwa nyumba ambayo haina mpango wa kuhama. iCloud hutoa GB 5 tu bila malipo. Adobe Bridge nayo ni bure ukifungua akaunti, huandika lebo moja kwa moja kwenye faili, lakini kwa mkusanyiko mkubwa utafutaji wake unachosha. Picasa bado imo kwenye kompyuta nyingi za zamani; Google iliiacha mwaka 2016, kwa hiyo usianzishe kazi mpya humo.

Programu yoyote utakayochukua itakwama kwenye picha zilizopitia WhatsApp. Zikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa, na tarehe ya kamera hupotea. Kinachobaki ni jina la faili kama IMG-20240316-WA0007, ambalo tarehe yake ni ya kutumwa. Waombe jamaa wakutumie kama hati, au pita kwao na kebo.

Pesa uliyookoa kwa kuchukua digiKam inunulie diski ya nje, na ya pili yake. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, umeme nao hukatika bila taarifa, na diski moja si hifadhi. Moja ikae nyumbani ndani ya mkebe usiopitisha hewa pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, nyingine kwa ndugu wa upande wa pili wa kivuko, mtu unayemwamini na amana hiyo. Kabla ya kufuta kadi ya kamera, fungua picha kadhaa kutoka kila diski, za mwanzo, za kati na za mwisho, uone zinafunguka na majina yapo.