Njia za wiski Scotland: nimezipanga kwa kumfikiria dereva

Shemeji amerudi Scotland amenuna. Wakala mmoja aliwauzia yeye na wenzake safari ya kujiendesha wenyewe, viwanda vya wiski kila siku, "kuonja kumo ndani ya bei kwa wote". Yeye ndiye aliyeshika usukani. Kila kituo wenzake walipoinua glasi, yeye alikabidhiwa vichupa vyenye mgawo wake, akanywe baadaye. Alilipa sawa na wao. Dada anasema picha zimetoka vizuri sana.

Basi hapa hutasoma habari za mvua, makoti wala hoteli zenye kifungua kinywa kizuri. Hayo yameandikwa mpaka yamechacha. Ninachoangalia ni kimoja tu: ni wapi dereva anaweza kuegesha gari, akatia ufunguo mfukoni, akaenda kuonja kwa miguu kama wenzake?

Msidhani nakuza mambo. Tangu Desemba 2014 Scotland ina kiwango chake, miligramu 50 za kilevi katika mililita 100 za damu, wakati England bado wako kwenye 80. Ukikamatwa umezidi unafungiwa kuendesha kwa miezi 12 au zaidi, unaingia kwenye rekodi ya uhalifu, na faini inaweza kufika pauni 5,000, au kifungo cha hadi miezi sita. Tena asubuhi ndiyo yenye mtego. Toti ya mililita 25 ya wiski ya asilimia 40 mwili huimaliza kwa kama saa nzima, na ile isiyozimuliwa, inayotoka moja kwa moja kwenye pipa, huweza kupita asilimia 55. Ukionja toti sita usiku, chai na mayai ya saa moja asubuhi havisafishi damu.

Nafasi ya kwanza ni Campbeltown, kule chini kwenye ncha ya rasi ya Kintyre, na sifichi upendeleo: mimi ni mtu wa Springbank. Kiwanda ni cha mwaka 1828, bado kipo mikononi mwa familia ileile, na kila kitu hufanyika palepale. Kimea wanakiotesha wenyewe, shayiri imetandazwa sakafuni na watu wanaigeuza kwa koleo. Wanapika, wanalaza kwenye mapipa, wanajaza chupa. Viwanda vingi siku hizi hununua kimea kilichokwisha kutengenezwa. Wiski tatu tofauti hutoka hapo: Springbank yenyewe, Longrow yenye ladha nzito ya moshi, na Hazelburn isiyo na moshi kabisa, iliyopikwa mara tatu. Glengyle, wanaouza kwa jina la Kilkerran, na Glen Scotia vipo mjini humohumo. Mji huu zamani ulikuwa na viwanda zaidi ya 30. Vimebaki hivyo vitatu, na vyote unavifikia kwa miguu. Gari linalala hotelini, dereva anakuwa mtu.

Njia ya kwenda nayo inalipa. Kutoka Glasgow unapita kando ya Loch Lomond, unapanda mlima kwa barabara ya A83, unashukia Inveraray kwenye maji ya Loch Fyne, kisha pwani ya magharibi ya Kintyre, visiwa vya Gigha, Islay na Jura vikiwa kulia kwako. Angalia taarifa za barabara kabla ya kuondoka, maana kwenye mpando huo wa A83, uitwao Rest and Be Thankful, mlima huporomoka mvua ikizidi.

Kinachoniudhi ni walanguzi. Springbank ya miaka 10 hutoka kiwandani kwa bei ya kibinadamu, ikifika mtandaoni inapanda kama nauli ya basi la Moshi mwezi Desemba. Wanaoinunua wengi hawana nia hata ya kuifungua! Na nafasi za kutembelea kiwanda huisha mapema, kwa hiyo weka nafasi kwanza, ndipo utafute hoteli.

Islay inafuata kwa karibu sana. Feri inaondokea Kennacraig, barabara hiyohiyo ya Campbeltown, kwa hiyo unaweza kuunganisha safari zote mbili. Ukishuka Port Ellen kuna njia ya waenda kwa miguu ya kama kilomita tano inayopita Laphroaig, Lagavulin na Ardbeg, moja baada ya nyingine, bahari pembeni. Huko shayiri hukaushwa kwa moshi wa udongo mweusi wa kinamasi; ama utaipenda ama utasema umepewa dawa ya kidonda. Gari liacheni Kennacraig, vukeni kama abiria, nauli ni ndogo mno kuliko ya kuvusha gari. Mwisho wa Mei kuna tamasha, vitanda havipatikani.

Speyside, eneo la mto Spey, ndiko mawakala wanakokimbilia, kwa kuwa hakuna eneo la Scotland lenye viwanda vingi kuliko huko. Laleni Dufftown: Glenfiddich na Balvenie mnafika kwa miguu, na kuna basi la kwenda Aberlour, Craigellachie na Rothes. The Glenlivet iko mbali bondeni, huko lazima gari. Kiwanda chenyewe kina kisa. George Smith alipochukua leseni mwaka 1824, wapika magendo wenzake walitishia kumchomea kiwanda, akawa anatembea na bastola. Wanaoijua biashara ya gongo watawaelewa wale majirani.

Kisiwa cha Skye na ile mizunguko ya kaskazini, ile inayoitwa North Coast 500 yenye kilomita 830, naziweka mkiani ingawa kwa mandhari hazina mpinzani. Kiwanda cha Skye, Talisker, kiko Carbost, mbali na kila kitu, barabara nyembamba za kupishana kwa zamu. Kaskazini, kutoka kiwanda cha Glenmorangie pale Tain hadi Old Pulteney pale Wick ni zaidi ya kilomita 100. Hiyo ni safari ya asiyekunywa. Rafiki yangu wa Unguja haonji kabisa, na yeye angeifurahia kuliko sisi wote.

Wenye bajeti ndogo: treni hadi Pitlochry au Oban, kiwanda kiko mjini. Imetosha.

Kuhusu gari lenyewe, kule ni kushoto, kwa hiyo mtu wa Dar, Nairobi au Kampala hana shida. Wa Kigali, Bujumbura na Lubumbashi ajipe siku ya kuzoea. Na wakala akikutajia bei, mwulize dereva analipa kiasi gani. Akisema "sawa na wengine", ombeni bei ya gari dogo la abiria lenye dereva wa hukohuko, bei ya gari zima, si ya kila kichwa, muigawe wenyewe.