Programu ya kusawazisha simu na kompyuta: uzoefu wangu, na usiku ule wa Shela

Msinunue. Naanza na hilo kabla hasira haijanipoa, maana najijua, nikipoa nitaanza kuitetea.

Kazi yangu ni harusi, hapa Lamu. Mimi ndiye natafuta mchoraji wa piko, wapambaji, wapishi, viti, taa, boti ya kuvusha mizigo hadi Shela na punda wa kuipandisha vichochoroni. Kila mmoja wao namba yake nimeihifadhi kwa kazi yake: "Piko Langoni", "Viti Mkomani", "Boti ya usiku Shela". Ukiingia mwezi wa Shaaban kila mtu ataka kuoza kabla ya Ramadhani, basi wiki moja yaweza kuwa na shughuli nne, tano. Kuzifuata zote kwenye kioo cha simu macho yauma. Nikataka kalenda yangu na namba zangu zionekane pia kwenye kompyuta, niandike kwa raha, nichapishe orodha ya wiki, niwape wasaidizi wangu karatasi mkononi.

Kompyuta niliyo nayo nililetewa na ndugu yangu anayeishi Uingereza. Imetumika, lakini nzima. Programu nikailipia mwaka mzima kwa mkupuo. Jina lake silitaji, na la duka la fundi aliyeniwekea pia silitaji, ijapokuwa nikipita mbele ya duka lile mpaka leo damu hunichemka.

Mwanzoni nilifurahi kweli. Niliandika kitu kwenye simu nikiwa forodhani, nikafika nyumbani nikakikuta kwenye kompyuta. Nilimwita mama yangu aje aone.

Dosari zilianza kidogo kidogo. Watu wakawa wawili wawili: Piko Langoni mwenye namba inayoanza na sifuri saba, na Piko Langoni mwenye namba inayoanza na +254. Ni mtu yule yule, namba ile ile, lakini programu haikujua. Hilo nililivumilia, nikakaa jioni mbili nikiwaunganisha mmoja mmoja. Kisha namba ya mwenye boti. Niliiandika kwenye kompyuta, nikagundua nimekosea tarakimu moja, nikairekebisha kwenye simu. Kesho yake ile mbovu imerudi. Nikairekebisha tena. Nikasema labda ni mimi.

Sasa usiku wenyewe. Kulikuwa na familia moja Shela, watu wa heshima zao, walionipa shughuli yote tangu hina hadi walima. Mama wa bibi harusi aliniambia hina ni Jumamosi, saa wataamua baadaye. Kwa hivyo kwenye simu niliweka Jumamosi, siku nzima, bila saa. Baada ya siku chache nikachapisha orodha ya wiki kutoka kwenye kompyuta. Karatasi ikasema: hina Shela, Ijumaa, saa 21:00.

Mtanilaumu kwa nini sikushtuka. Saa 21:00 ni saa tatu usiku, na saa tatu usiku ndio wakati wa hina! Wanawake wameshaswali Isha, watoto wamelala, ndipo shughuli huanza. Ingekuwa karatasi imeandika saa tisa ya alfajiri ningejua pana kosa. Nikadhani mama wa bibi harusi amekubaliana na msaidizi wangu, naye akaingiza saa. Msaidizi wangu, mtu mzima, nikamuuliza, "Hina ya Shela ni lini vile?" Akanijibu, "Si usiku wa Jumamosi? Basi ndiyo hiyo Ijumaa usiku." Na kwa hesabu ya wazee wetu hakukosea, maana kwetu usiku hutangulia mchana wake. Usiku wa Jumamosi ni Ijumaa kuamkia Jumamosi. Kosa la mashine liliingia katika mwanya huo likakaa kama limepimwa, na kila aliyeisoma karatasi ile aliona iko sawa.

Ijumaa alasiri nikanunua asumini. Zilitungwa zingali zimefumba, kama inavyotakiwa, vikuba sitini na rehani yake, tukavilaza kikapuni chini ya kitambaa kibichi. Mchoraji akakoroga hina yake na kutayarisha piko. Boti ikapakiwa mito, mazulia, taa na viti. Tukafika Shela watu saba, punda wawili wakapandisha mizigo, nikabisha hodi mimi mwenyewe.

Akafungua nyanya wa bibi harusi. Amejifunga kanga ya kulalia, tasbihi mkononi. Ndani kimya, taa moja tu ukumbini. Alitutazama sote pale mlangoni, akatazama viti mgongoni mwa punda, akasema polepole, "Mbona mwaya leo?" Yaani, mbona mnakuja leo.

Mdomo ulinikauka. Nilisimama pale na kikapu changu cha asumini, harufu yake ndiyo kwanza inaanza kutoka, kwa sababu asumini hufunguka usiku, haimngoji bibi harusi. Hakututukana yule bibi. Alitutolea maji, akatuombea mema, akasema hesabu za siku zawapotea wengi. Angenitukana ningeona afadhali.

Asubuhi nilifunua kile kitambaa. Vikuba vyote sitini vimelegea, vimegeuka rangi ya chai. Na Jumamosi, siku ya hina yenyewe, mchoraji wangu alikuwa ameshachukuliwa na nyumba nyingine Mkomani, na nyumba hiyo nilimpeleka mimi, kwa kuifuata karatasi hiyo hiyo. Nikazunguka nikitafuta mchoraji mwingine kwa bei ya dharura. Nilimpata, lakini mkono wake si mkono niliouahidi, na mama wa bibi harusi aliliona hilo. Hakusema kitu. Tangu siku hiyo hajanipigia, na ana binti mwingine.

Jumatatu nikaibeba kompyuta mpaka kwa fundi. Alikuwa anabadilisha kioo cha simu ya mtu, hakuinua kichwa. Nikamweleza tangu mwanzo. Akanyoosha bisibisi kwenye pembe ya skrini: "Mama, saa si hiyo? Tazama na ya ukutani. Ziko sawa, haziko sawa?" Zilikuwa sawa. "Basi kompyuta haina kosa. Nyinyi kina mama mwabonyezabonyeza tu, kisha mwatuletea lawama." Vijana waliokaa kwenye benchi wakacheka. Akanitoza shilingi mia tatu za kuangalia. Nimeanza kazi hii kabla kijana yule hajaanza shule, nimeoza mabinti wa nusu ya mtaa wake, na hakuweza hata kunipa kiti!

Aliyenifungua macho ni binti wa dada yangu aliye Mombasa. Tulipigiana simu ya video. Akaniambia, "Mama mdogo, bonyeza pale penye saa, fungua mipangilio, nisomee pameandikwa mji gani." Nikamsomea: London. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi ndiyo hiyo."

Maelezo yake nayaweka hapa kwa sababu najua sipo peke yangu. Fundi alipoiwasha kompyuta mara ya kwanza aliikuta na saa ya Uingereza. Badala ya kubadilisha kanda ya saa iwe Nairobi, yaani saa tatu mbele ya ile saa ya dunia iitwayo UTC, alizima saa ya kujirekebisha yenyewe kwa intaneti, akasogeza mishale kwa mkono mpaka ikalingana na saa ya ukutani. Kwa jicho iko sawa. Ndani yake kompyuta inaamini iko London, ambako wakati wa baridi kuna tofauti ya saa tatu kamili na sisi. Jumamosi yangu ya Lamu inapoanza, saa sita ya usiku, London ni Ijumaa saa tatu usiku. Hiyo ndiyo 21:00 iliyonipeleka Shela.

Na namba ya boti ilirudi kwa sababu hiyo hiyo. Programu ikikuta namba mbili tofauti hushika iliyobadilishwa mwisho. Kompyuta yenye saa ya Lamu na kanda ya London kila ikiandikacho huonekana kimeandikwa saa tatu mbele ya wakati wake. Mimi nikirekebisha kwenye simu baada ya nusu saa, machoni mwa programu ile ya kwenye simu ndiyo ya zamani. Nilikuwa nashindana na mashine inayoishi kesho.

Kwa hivyo fundi. Kosa la fundi, na programu haina hatia? Kwa siku kadhaa nilisema hivyo, nikabadilisha kanda ikawa Nairobi, mambo yakanyooka. Lakini nikamuuliza yule binti tena: mimi sikuandika saa, niliandika siku nzima, saa 21:00 aliitoa nani? Akaniambia katika iCalendar, utaratibu ambao programu za kalenda hupashana tarehe, ule uliowekwa katika waraka wa kanuni za intaneti uitwao RFC 5545 tangu 2009, tarehe huandikwa kwa namna mbili, siku tupu au siku yenye saa, na siku tupu haina kanda wala haihamishwi. Jumamosi ni Jumamosi popote uendako. Programu yangu iliigeuza siku tupu kuwa saa sita ya usiku kisha ikaihamisha. Hilo si kosa la fundi hata chembe. Na bado inafanya hivyo, ila kwa kuwa kanda zote mbili sasa zinalingana halionekani. Nikienda Umra halitaonekana, Saudia saa yao ni kama yetu. Nikienda Dubai, walio saa moja mbele, litaanza upya.

Niliwaandikia wenye programu. Walinijibu kwa barua ya kuninunulisha daraja la juu zaidi.

Haya, na hapa ndipo nilipoogopa kufika. Juzijuzi, nikishuka boti pale Shela maji yakiwa yamejaa, simu iliniponyoka ikazama. Nilikaa kwenye ngazi nikatetemeka, wallahi, maana maisha yangu yote yalikuwa mle. Nikanunua simu nyingine, nikaiunganisha na kompyuta nikaenda kuswali Magharibi. Niliporudi, namba zote zilikuwa zimerudi. Piko Langoni, Viti Mkomani, mwenye boti na tarakimu yake sahihi, shughuli zote mpaka baada ya Mfungo Mosi. Nilitokwa na machozi. Siwezi kusema uongo, siku ile niliipenda programu hii kama mtoto wangu.

Kisha nikafungua jina la mteja mmoja. Mimi kila mteja chini ya namba yake nina maneno yangu: huyu asipigiwe mchana ana mgonjwa, huyu mwanawe hali karanga, huyu alifiwa na mume usimuulize habari zake, huyu amelipa nusu. Pale pa maelezo palikuwa peupe. Nikafungua mwingine, peupe. Wote. Kwenye kompyuta nako hakuna. Programu hubeba jina na namba, maelezo huyaacha, na hakuna mahali iliponiambia kabla sijalipa. Maneno ya miaka yako chini ya bahari pale Shela.

Kama tayari unayo, fanya haya leo. Tazama kanda ya saa kwenye kompyuta isomeke Nairobi, usitosheke na mishale. Kabla ya kusawazisha mara ya kwanza, toa nakala ya namba zako zote katika faili moja na kalenda katika faili nyingine, uziweke pembeni. Ikiwa namba zako ziko kwenye akaunti ya Google, kuna sehemu ya kutengua mabadiliko na kuzirudisha zilivyokuwa, hadi siku 30 nyuma. Na mtu akikwambia "usiku wa Jumamosi", muulize hapo hapo: Ijumaa kuamkia Jumamosi, au Jumamosi yenyewe jua likishachwa?

Malipo yangu ya mwaka yanaisha mwisho wa mwezi huu. Nilisema msinunue. Mimi mwenyewe sijaamua kama nitalipa, na Rajabu imeshaingia, simu zimeanza kulia. Nimenunua daftari, nawapigia wateja mmoja mmoja kuwauliza upya yale niliyokuwa nayajua. Wa kwanza kumpigia alikuwa yule mjane. Nikajikuta namuuliza hali ya mumewe.