Atari 1040ST niliyouziwa bila ufunguo: uzoefu wangu

Nawaandikia wanaotafuta kompyuta ya zamani ya kupangia muziki, na ninaandika nikiwa bado na hasira. Mwenye duka moja la vifaa vilivyotumika hapa London aliniuzia Atari 1040ST pamoja na diski za programu ya muziki, akanihakikishia kwamba hakuna kilichopungua. Kilipungua kile ambacho bila hicho vingine vyote havina maana. Programu kubwa za muziki za Atari za wakati ule, Cubase ya mwaka 1989 ikiwa mojawapo, hazifanyi kazi mpaka uchomeke kifaa kidogo cha ufunguo katika tundu la katriji lililo ubavuni mwa kompyuta, hata kama diski zako ni halali kabisa.

Nilipomrudia, hakuinua hata uso. Aliendelea kufuta vumbi kwenye redio iliyokuwa mbele yake, akasema kwamba nilinunua kompyuta na kompyuta nimepata. Nilipomweleza habari ya ufunguo, alinijibu kwamba wateja wengi huziweka mashine hizi rafuni kama pambo, na kwamba mimi sikusema nataka kuitumia. Sikusema! Mtu aliyefika dukani na kinanda chake begani, akaomba kukiunganisha kwenye matundu ya MIDI, yaani njia ambayo kompyuta na vinanda hupelekeana noti, kabla ya kulipa, alidhaniwa anatafuta pambo?

Kwa uchungu niliapa kuachana na Atari na kuchukua Amiga, kompyuta shindani ya enzi ileile, ambayo kwa sauti zake za ndani inaishinda Atari kwa mbali. Lakini sisi tunaoongoza vinanda vya nje hatuhitaji sauti za ndani. Tunahitaji noti itoke kwa wakati wake. MIDI hupitisha biti 31,250 kwa sekunde, noti moja nyuma ya nyingine, kwa hiyo kompyuta ikisitasita kidogo tu mdundo mzima unalegea. Amiga na Commodore 64 hudai kiunganishi cha pembeni, ilhali Atari ST ilitoka mwaka 1985 ikiwa na matundu yake ya MIDI tayari.

Baadaye rafiki mwenye programu ileile aliniazima ufunguo wake. Nikapanga chakacha, ngoma kwenye mashine moja na besi kwenye nyingine, na zilishikana kwa namna ambayo kompyuta yangu ya kisasa haijawahi kunipa. Sikulala mapema usiku huo. Basi kiapo changu nakitangua: nunueni Atari, pamoja na skrini yake ya nyeusi na nyeupe ambayo programu hizi huihitaji, ila msitoe fedha kabla hamjaiona programu yenyewe ikifunguka mbele yenu.

Ufunguo wa kuazima nimekwisha kuurudisha. Ninaoutafuta sasa wauzaji wanaudai bei inayokaribia ile ya kompyuta nzima. Yule bwana alilijua hilo vizuri, na fedha zangu hadi leo hajazirudisha.