TAHADHARI: Nafasi feki za msaidizi wa utafiti kwa wanafunzi wa uhandisi

Mnaosaka nafasi kwenye maabara mkiwa bado shahada ya kwanza, someni kabla ya kujibu barua pepe yoyote.

Ujumbe huja kwa jina la profesa wa kweli, tena wa idara yako. Kazi ya saa chache kwa wiki, unafanyia nyumbani, malipo manono, uzoefu hauhitajiki. Shtuka hapo hapo. Maabara ya uhandisi haimchukui mtu bila kuuliza kasoma nini na anaijua programu ya hesabu ya MATLAB au lugha ya kompyuta ya Python kiasi gani. Kisha utaombwa namba ya simu ili mhamie WhatsApp, kwa sababu tapeli anajua chuo kinaweza kuifungia barua pepe anayoitumia wakati wowote.

Halafu inakuja hundi, mara nyingi picha yake tu. Unaambiwa uiweke benki, ubaki na ujira wako, na kinachozidi umtumie "muuza vifaa" au ununulie kadi za zawadi. Hapa ndipo wengi wanapolizwa. Benki inaweza kukuonyesha salio limepanda ndani ya siku moja au mbili ilhali hundi haijalipwa na benki iliyoitoa. Ikirudi, hata baada ya wiki kadhaa, kiasi chote kinakatwa kwako, na ulichokwisha kutuma kwa kawaida hakipatikani tena.

Wasiotumia hundi hudai ada: ya usajili, ya bima, ya mafunzo ya usalama wa maabara. Usilipe. Wengine huuza nafasi za REU (mpango wa Marekani wa utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza) kwa wanafunzi wa nchi yoyote, wakati fedha za NSF, shirika la serikali ya Marekani la kufadhili sayansi, za mpango huo ni kwa raia na wakazi wa kudumu wa Marekani tu.

Kuhakiki ni kazi ya dakika kumi. Usibonyeze "jibu". Fungua mwenyewe tovuti ya idara, chukua anwani ya profesa hapo, umwandikie upya au upige simu ofisi ya idara. Kikoa sahihi baada ya @ hakitoshi, maana akaunti za wanafunzi hudukuliwa na kutumika kusambaza matangazo haya. Nakala ya kitambulisho na namba ya akaunti toa baada tu ya barua ya ajira kutoka ofisi ya rasilimali watu ya chuo.

Kama hundi umeshaiweka, usitume hata senti. Pigia benki leo, uwaambie ni ya kitapeli. Kama umeshatuma kadi za zawadi, wasiliana mara moja na kampuni iliyozitoa ukiwa na risiti mkononi. Usifute mazungumzo, kitengo cha TEHAMA cha chuo na polisi watayahitaji.