Miaka minne na UPS ya VA 650: uzoefu wangu

UPS yangu, lile boksi lenye betri linaloishikilia kompyuta umeme ukikatika, niliinunua kwa hasira. Ilikuwa 2021, nipo nyumbani Tabata usiku, napangilia tasnifu ya mwanafunzi mmoja, kurasa 140, asubuhi yake aje aichukue ikiwa imeshaprintiwa na kubaindiwa. Umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena hata sijafika kwenye swichi. Uliporudi mara ya pili kompyuta ikawa inagonga tumboni, tak, tak, tak, kama saa mbovu. Kumbe diski imekwenda. Bahati nilikuwa nimejitumia nakala ya jana yake kwenye barua pepe, lakini kazi ya siku nzima niliirudia mpaka adhana ya alfajiri, kwa laptop ya shemeji yangu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilijiona nimeshajikinga, kwa sababu kompyuta nilikuwa nimeichomeka kwenye friji gadi. Ile kazi yake ni kukata umeme unapozidi au kupungua, halafu inasubiri dakika chache ndipo iruhusu tena. Friji halina faili la kuseivu, kwa hiyo halidhuriki. Kompyuta ya mezani ukiikatia ghafla wakati diski inaandika ndiyo unaweza kuimaliza.

Kariakoo muuzaji akanipokea vizuri: "Bosi wangu, hii unakaa nayo masaa mawili, mpira wote unaumaliza." Nikatoa laki moja na elfu sitini. Nimefika nyumbani nageuza boksi, nyuma kwa maandishi madogo: watt 360. Hiyo ndiyo namba ya kuitafuta kabla hujalipa. VA 650 (volti mara ampea) iliyoandikwa kwa herufi kubwa mbele haikwambii mzigo halisi inaoweza kuubeba. Na hata hizo watt hazikwambii itadumu muda gani, hilo lipo kwenye betri. Ndani kuna betri moja tu ya volti 12, Ah 7 (ampea-saa), ambayo kwa hesabu ni watt-saa 84, na nyingine zinapotea njiani umeme wa betri unapogeuzwa kuwa wa volti 230. Kompyuta yangu, used iliyotoka maofisini, pamoja na skrini ya inchi 19, inakula kama watt 70. Nikachomoa plagi ukutani nikaweka saa ya simu: dakika 22. Kwenye mpira hapo hata nusu ya kipindi cha kwanza hujafika.

Ila kwa kazi yangu dakika 22 zinatosha na kubaki. Unaseivu, unafunga programu moja moja, unazima kistaarabu. Mara kadhaa hata si umeme uliokatika, ni LUKU imeisha, na ninapata nafasi ya kununua uniti kwenye simu na kwenda kubonyeza zile tarakimu 20 huku kompyuta inaendelea kunguruma chumbani.

Faida ambayo sikuitegemea ni kwenye umeme mdogo. Mtaani kwetu ikifika saa moja jioni, watu wamerudi, pasi na majiko yamewashwa, taa zinakuwa na rangi ya chai. Fundi aliwahi kupima kwenye soketi akapata volti 178. Hii UPS ni ya aina inayorekebisha umeme kabla haijagusa betri, kwa hiyo jioni unasikia tu "tak" moja ndani yake, imepandisha volti, maisha yanaendelea. Kama unaishi sehemu yenye umeme mdogo, uliza dukani kama ina AVR, yaani hicho kirekebisha volti. Isiyo nayo itakimbilia betri kila jioni na kuichosha mapema.

Sasa madhambi, mengine yangu mwenyewe.

Wiki ya kwanza nilichomeka kila kitu, pamoja na printa ya leza. Nikatuma kurasa tano. Printa ilipoanza kujipasha moto UPS ikapiga ukelele mmoja mrefu na kuzima vyote, na umeme wa ukutani upo! Printa ya leza inapopasha inavuta watt mia kadhaa kwa mpigo, UPS ndogo haibebi. Tangu siku hiyo printa inakaa kwenye soketi yake. Kwenye UPS nimeacha CPU, skrini na rauta, basi. Umeme ukikatika nikishazima kompyuta naiacha rauta peke yake, ambayo inakula kidogo sana, na watoto wanaendelea na intaneti zaidi ya saa nzima.

Halafu mlio. Kila sekunde kumi, pii. Usiku wa manane umeme ukikatika nyumba nzima inaamka, na mke wangu alishaniambia nichague kati yake na hilo dude. Waya wa USB uliokuja kwenye boksi, ambao nilikuwa nimeutupia droo, ndio ulioleta amani. Ukiuchomeka, Windows inaiona UPS kama betri ya laptop, na unaipangia kompyuta ijizime yenyewe chaji ikibaki kidogo. Programu ya mtengenezaji ndiyo iliyoniruhusu kuufunga ule mlio. Nimefanya hivyo miaka miwili baada ya kununua, mnicheke tu.

Betri ilinifia mwishoni mwa 2023. Dakika 22 zilishuka taratibu bila mimi kujua, mpaka siku moja umeme ulikatika na kompyuta ikazima papo hapo kama vile UPS haipo. Nilipofungua kifuniko cha chini betri ilikuwa imevimba ubavuni, haitoki, nikaivuta kwa kuitikisa kama jino. Kosa langu: nilikuwa nimeiweka sakafuni chini ya dirisha linalopigwa na jua la mchana. Betri hizi za risasi hupimwa maisha yake kwa joto la nyuzi 20 mpaka 25, na kila nyuzi kumi zaidi zinakata umri karibu nusu. Kwa joto la Dar, ukiongeza na jua, nilikuwa naipika. Betri mpya ilinigharimu elfu arobaini na tano, waya mbili tu, mwekundu na mweusi, dakika tano kazi imekwisha. Ya zamani usiitupe jalalani, ina risasi na tindikali. Mimi niliirudisha dukani.

Ningenunua tena? Ndiyo, lakini ya VA 1000 yenye betri kubwa zaidi, na ningemwita fundi kwanza aangalie waya wa ethi, maana soketi yangu ilikutwa haina. Hii niliyonayo sasa ipo juu ya stuli, mbali na dirisha. Betri nimeiandika tarehe kwa maka pen, na kila mwisho wa mwezi nachomoa plagi na kuhesabu dakika. Mwezi uliopita zilikuwa 17.