Iguanodon au Kulungu Mkubwa: Sanamu Mbili za Crystal Palace

Katika bustani ya Crystal Palace, kusini mwa London, zipo sanamu za wanyama wa kale alizozijenga Benjamin Waterhouse Hawkins, ambazo umma ulianza kuziona mwaka 1854. Mwenye muda mfupi atajiuliza aanze na ipi.

Kulungu mkubwa wa Ireland ndiye aliye karibu zaidi na ukweli, kwa kuwa mifupa yake kamili ilikwishajulikana, na hapo awali alivikwa hata pembe halisi za visukuku.

Iguanodon, aina ya dinosaria, alibuniwa kutokana na meno na vipande vichache vya mifupa. Kwa sanamu yake moja Hawkins alitumia matofali 600, mapipa 38 ya saruji na nguzo 4 za chuma, akapata mnyama mzito wa miguu minne, mwenye magamba na pembe fupi puani. Mifupa iliyochimbuliwa Bernissart, Ubelgiji, kuanzia mwaka 1878, ilithibitisha kwamba pembe ile ni mwiba wa kidole gumba.

Hata hivyo namchagua Iguanodon bila kusita, kwani katika pembe ile iliyokosewa mahali, kuliko katika usahihi wote wa kulungu, ndimo ninamoona jinsi wataalamu wa wakati ule walivyojitahidi kumwumba upya mnyama ambaye hakuna binadamu aliyepata kumwona.