Uzoefu wangu: kula kwa maumivu baada ya slivu, na dada wa lishe aliyenifuatilia kwa simu

Mi niko Tanga, naishi Chumbageni na cherehani yangu iko Ngamiani, naandika hii kwa ajili ya mtu ambaye yuko wiki ya tatu au ya tano baada ya opereshani ya kupunguza tumbo, ile wanayoiita slivu, kakaa na kikombe cha uji mbele yake na anakiogopa. Nilikaa hivyo hivyo na sikuwa na wa kumuuliza.

Nilifanyiwa slivu Dar miezi minane iliyopita nikiwa na kilo 131, magoti yameisha, sukari kila nikipima imepanda. Opereshani yenyewe sina la kuisema vibaya, matundu matano madogo, siku tatu wodini, siku ya tisa nikapanda basi kurudi nyumbani, Segera nikashuka nikatembea kidogo maana tuliambiwa tusikae saa nyingi bila kunyoosha miguu damu isije ikaganda. Kilichonishinda ni kula. Hospitali walinipa karatasi moja ya Kiingereza, imejaa majibini na supu za kopo ambazo huku sijui nizipate wapi, imeandika kula vyakula laini basi, vinaliwaje haisemi, na ile namba niliyopewa nikipiga inaita mpaka inakata. Hilo liliniuma kweli kwa sababu hela nilizolipa sio ndogo.

Kwa asiyejua, kwenye slivu wanakata wanaondoa kama robo tatu ya tumbo, linabaki bomba jembamba mfano wa ndizi, na wiki za mwanzo huko ndani bado kumevimba. Kwa hiyo chakula kinakwama chini zaidi ya koo, pale kwenye chembe ya moyo.

Wiki ya tano kulikuwa na shughuli kwa wifi yangu, nikaletewa sahani, nikaona aibu kukataa, nikachukua wali kidogo na kipande cha nyama ya mbuzi hakifiki hata ncha ya kidole gumba. Tonge la tatu pua ikaanza kutoa maji, sikuelewa kwa nini, alafu mdomo ukajaa mate, alafu chembe ya moyo ikabana kama nimemeza kokwa ya embe, maumivu yakapanda mpaka katikati ya mabega. Nikatoka uani nikashika ukuta, natema povu jeupe zito linavutika kama bamia. Shangazi yake mume wangu akanifuata na glasi ya maji, "kunywa mwanangu kishuke", na mtu mzima akikupa maji kwa huruma utakataaje, nikanywa. Kumbe ndio kosa lenyewe, maji yakakaa juu ya ile nyama hayana pa kupita, maumivu yakawa mara mbili, nilikaa pale kama dakika arobaini mpaka vyote vikarudi juu.

Usiku ule ule nikamuomba namba mama mmoja niliyelazwa naye, akaniunganisha na dada mmoja mtaalamu wa lishe yuko Dar anayefuatilia watu waliofanyiwa hizi opereshani kwa WhatsApp, nikalipia miezi sita. Nilidhani atanitumia orodha ya vyakula. Akaniambia nijirekodi video nikiwa nakula mtindi, basi, nimtumie. Akaiangalia akasema dada yangu, kijiko hicho ni cha mezani, na unachota kingine kile cha kwanza hujamaliza kukimeza. Yaani mwezi mzima nalia nadhani nimeshonwa vibaya kumbe nakula kwa mwendo ule ule wa tumbo la zamani.

Kuanzia hapo ikawa kijiko cha chai, tena nusu. Natafuna mpaka kiwe uji mdomoni, hata mara 25, nameza, kijiko naweka chini kabisa naachia mkono, nasubiri kama dakika moja ndio nachota tena, na mlo mzima uwe nusu saa hivi, ukizidi sana hapo unadonoa tu. Dalili ya kwanza, pua kutoa maji, kwikwi, au kubanwa hata kidogo, naacha hapo hapo, sio eti nimalizie kijiko cha mwisho, kwa sababu mara nyingi kijiko hicho cha mwisho ndicho kinachouma. Maji sichanganyi na chakula, nikishamaliza nasubiri dakika 30, ila katikati ya milo nakunywa kidogo kidogo siku nzima, chupa haitoki pembeni ya cherehani.

Kitu kingine aliniuliza dawa ninazotumia. Nilikuwa bado nameza diklofenaki, zile za maumivu ya magoti! Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Akanieleza dawa za jamii hiyo zinaweza kuchubua ukuta wa tumbo mpaka vidonda, na tumbo lenyewe ndio limetoka kukatwa, nikaongea na daktari nikahamishiwa paracetamol ya maji. Kichomi cha tumbo nilichokuwa nakisikia usiku kikapungua ndani ya wiki mbili, na kiungulia nikapewa dawa yake.

Upande wa chakula ndio nampa maksi zote, hakunilazimisha vitu vya dukani. Aliniambia kinachokwama ni kikavu na kinachoshikana, ndio maana ugali, wali, chapati na mkate vikikutana na mate vinakuwa donge, na nyama ina nyuzi. Changu wa Deep Sea, soko letu la samaki hapa Tanga, tunamchemsha kwa tui jepesi, mama ananichambulia mifupa ananiponda kwa uma na mchuzi wake mpaka alegee. Maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda. Dagaa wakavu tunasaga unga naweka kwenye uji kijiko kimoja, harufu nilizoea. Yai la kukaanga lilinikataa kabisa lakini la kuchemsha laini, likipondwa na mchuzi, likapita. Aliniwekea lengo la gramu 60 za protini kwa siku na akanifundisha kuzihesabu kwa vitu vyetu, yai moja kama 6, glasi ya maziwa kama 8, samaki gramu mia kama 20, nikaacha kuogopa hesabu. Protini naanza nayo kila mlo, boga au kiazi baadaye kama nafasi imebaki. Vitamini nazo hizo ni za maisha, aliniambia wazi toka mwanzo.

Mabaya yapo. Jumapili hajibu. Laki mbili na nusu kwa miezi sita sio kila mtu ataimudu, na kuna wiki alijibu baada ya siku mbili nikiwa na njaa na hofu. Samaki wetu hawajui wote, tasi nilimtumia picha.

Ila mwezi wa tatu tangu opereshani ndio nilijua nimepata mtu wa kweli. Nilianza kutapika hata nikila kwa utaratibu wote, alafu hata uji, alafu hata maji. Nikamwambia labda nimekula haraka. Akanipigia mwenyewe, akasema hapana, hili silo langu, maji yakigoma ni hospitali leo hii sio kesho. Nikaenda hospitali hapa hapa Tanga wakaniwekea dripu, na vitamini B1 waliianza kabla ya glukosi maana ukitapika muda mrefu baada ya opereshani hii B1 inaisha mwilini na inaweza kuharibu mishipa ya fahamu. Alafu Dar, wakaingiza kamera, wakakuta bomba limebana sehemu moja, wakalipanua kwa puto dogo linalovimbishwa humo ndani. Mara mbili walirudia. Ningeendelea kujilaumu kwamba sitafuni vizuri sijui ningekuwa wapi.

Kwa hiyo maumivu ya kukwama yanayoisha chakula kikishuka au kikirudi, hayo utayamaliza kwa kijiko na saa. Lakini kutapika hata maji, homa, moyo kwenda mbio umekaa tu, maumivu ya tumbo yasiyoachia au yanayokimbilia bega la kushoto, hasa wiki za mwanzo, usisubiri jibu la mtu WhatsApp, inaweza kuwa mshono unavuja. Na kama bado hujafanyiwa, kabla hujatoa hela muulize daktari chakula kikinikwama saa mbili usiku nampigia nani, akupe jina na namba, uipige hapo hapo mbele yake usikie kama inapokelewa.

Sa hivi nina kilo 96 na nimelipia tena miezi mitatu. Wali bado sijaurudia, wifi anajua, nikienda kwake ananitengea kibakuli changu cha mtindi na kijiko kidogo pembeni. Jana usiku nilikula changu na boga la nazi, vijiko tisa vya chai, mama anaangalia saa ya ukutani, nusu saa ikaisha na chembe ya moyo imetulia kabisa.